Walikotoka Watu wa Rumonge

Anayetaka kujua wageni wa nchi fulani wametoka wapi kwa kawaida hupewa jedwali: Watanzania kadhaa, Wakongomani kadhaa, Wanyarwanda kadhaa, Wahindi na Wagiriki wachache. Anayelinganisha jedwali la zamani na la leo huona kwamba nchi moja imepanda na nyingine imeshuka, kisha hutafuta sababu. Majedwali ya namna hiyo yana kazi yake, wala sikuja kuyadharau. Lakini yakiletwa kwenye mwambao wa Burundi, kuanzia Magara na Minago kushuka Rumonge hadi Nyanza-Lac, yanaanza kusema uongo bila mwandishi wake kukusudia. Mtu aliyezaliwa Katumba, karibu na Mpanda nchini Tanzania, akaingia Rumonge mwaka 2008 akiwa na miaka 30 na hajapata kuliona ziwa hili, anaandikwa kuwa Mrundi aliyerejea kwao. Ukoo wa Wabwari uliokuwa ukivua ndagala kwenye maji haya kabla Mzungu hajachora mpaka wowote unaitwa wa Kongo hadi leo. Hoja yangu ni kwamba mabadiliko ya asili ya wahamiaji hapa hayaelezwi na majina ya nchi walizotoka. Wageni wametoka kule ambako njia ilikuwa imefunguliwa, na njia zimefunguliwa na kufungwa na waliokuwa wakishika bandari na soko. Aliyeamua nani abaki kuwa mgeni na nani ageuke mwenyeji ni mtu mwingine kabisa: ni yule aliyegawa ardhi.

Tuanze na mahali penyewe, maana ramani inadanganya. Ukisimama Rumonge, kilomita kama 70 kusini mwa Bujumbura, mbele yako ng'ambo ya maji kuna rasi ya Ubwari, ambayo ni Kongo. Nyuma yako kuna milima ya Mumirwa inayopanda kwa ghafla kuelekea nyanda za juu, ambako ufalme wa Burundi ulikuwa na mashina yake, ng'ombe wake na makaburi ya wafalme wake. Ukanda wa tambarare uliobanwa kati ya mlima na maji, yaani Imbo, ni mwembamba, una joto, na kwa muda mrefu watu wa juu waliuogopa kwa sababu ya homa. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na katika eneo lake lote Burundi ina asilimia 8 tu. Kongo ina 45, Tanzania 41, Zambia 6. Kwa hiyo mwambao huu tangu zamani ulikuwa ukingo wa mambo mawili: ukingo wa ufalme wa milimani, na ukingo wa biashara ya majini iliyokuwa na kitovu chake kwingine. Mtu angetazamia wageni wake wa kwanza wa mbali watoke moja kwa moja magharibi, upande unaoonekana kwa macho. Haikuwa hivyo.

Wageni wa karne ya 19 walikuja kwa mlango wa Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta soko la misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka pwani, na mitumbwi ikipanda na kushuka kando ya Urundi kwa pembe, watumwa, chumvi na mawese. Miaka iliyofuata kundi kubwa zaidi la watu walioongea Kiswahili kwenye ziwa hili halikuwa Waarabu, bali Wamanyema, watu wa nchi ya magharibi ya ziwa walioingia katika misafara wakiwa wapagazi, askari, watumwa, na baadaye wafanyabiashara wenyewe. Hapa tayari jedwali la nchi linakwama. Wamanyema asili yao ni magharibi, ndani ya Kongo ya leo, lakini Urundi iliwajua kama watu wa Ujiji, kwa dini ya Ujiji, nguo za Ujiji na lugha ya Ujiji. Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip aliyeshika Ujiji, alijaribu kupanua mamlaka yake hadi kaskazini mwa ziwa, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo, mfalme wa Burundi, yakamzuia asipande milimani. Mwambao ulibaki wazi kwa watu wake, milima ikafungwa. Mapadri Weupe nao walikuja kwa mlango uleule, kutoka Zanzibar kupitia Ujiji: walianzisha kituo Rumonge mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa kituo hicho, Deniaud, Augier na D'Hoop, wakauawa hapo, kituo kikafa. Mfanyabiashara Mwislamu na padri Mkatoliki hawakupatana kwa lolote, lakini wote wawili walipita bandari moja, kwa sababu hapakuwa na nyingine.

Mlango huo ulihama chini ya ukoloni. Wajerumani walijenga boma lao Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, na wakaleta askari na makarani waliojua Kiswahili. Pembeni mwa boma wakakaa wachuuzi, mafundi na familia zao. Kisha malale yakaenea mwambaoni. Serikali ya Kijerumani iliwahamisha watu kutoka ukanda wa ziwa kuwapeleka juu, na sehemu kubwa ya Imbo ikabaki vichaka. Tukio hili hutajwa kwa sentensi moja katika vitabu vingi, na mimi naona ndilo ufunguo wa mambo mengi yaliyofuata. Ardhi iliyoachwa na wenyeji wake kwa amri ya serikali ikawa, machoni pa serikali iliyofuata, ardhi isiyo na mwenyewe. Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916, na baadaye kuishika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, waliukuta mwambao uliopungukiwa watu, wakaanza kuujaza kwa mpango wao: mashamba ya pamba, michikichi, na kufikia miaka ya 1950 vijiji vya wakulima vilivyopimwa, ambamo watu wa milimani walishushwa wapewe kiwanja, mbegu na masharti.

Wakati huohuo njia ya biashara iliwekewa chuma. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa mkataba wa mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji, Wabelgiji walipewa gati zao Kigoma na Dar es Salaam ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite. Ujiji ilififia, Kigoma ikapanda, na pamoja na mizigo wakaja wenye mizigo: Wahindi wenye maduka ya nguo na chumvi, Waarabu wa Oman waliotawanyika hadi vituo vidogo, Rumonge ikiwa mojawapo, na Wagiriki. Wagiriki hawa wanastahili neno la ziada. Katika miaka ya 1950 ndio walioleta kwenye maji ya Burundi uvuvi wa meli za injini na nyavu kubwa za kuzungusha, wakati upande wa wavuvi wadogo kulikuwa kunaingia mtindo ambao hadi leo unaonekana usiku kutoka barabara ya Rumonge: mitumbwi miwili imeunganishwa kwa miti ikaachana mikono kadhaa, taa zinaning'inia juu ya maji, wavu umeshushwa chini yake mithili ya kapu, na ndagala wakikusanyika kwenye mwanga, wavu unavutwa juu polepole kwa kamba na watu wanne au zaidi wanaokwenda kwa sauti moja. Mbalamwezi ikiwa kamili taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika. Kazi hiyo inataka watu wengi wanaojua maji, na milimani watu wa namna hiyo hawakuwapo. Walitoka Ubwari, Fizi na Baraka: Wabwari, Wagoma, Wabembe, waliokuja kwa msimu, wakarudi, wakaja tena, na wengine wakaoa na kukaa Cabara, Karonda na Rumonge mjini.

Ukiyapanga haya kwa nchi za asili, katika miaka 100 hivi wageni wa mwambao wamekuwa Waarabu na Wamanyema, kisha askari na makarani wa boma, kisha Wahindi, Waomani na Wagiriki, kisha wavuvi wa Kongo, na pembeni mwao watu wa milima ya Burundi hiyohiyo, ambao hakuna ofisi iliyowaita wahamiaji ingawa baadhi yao walihama mbali na kwao kuliko Mbwari aliyevuka maji usiku mmoja. Ukiyapanga kwa njia, picha inatulia. Ujiji ilipokuwa soko, watu walikuja kupitia Ujiji hata wakiwa wa magharibi. Reli ilipofika Kigoma na gati za Wabelgiji zikafunguliwa, walikuja wenye mitaji ya ng'ambo. Soko la samaki la Bujumbura lilipokua, walikuja wenye ujuzi wa maji. Asili ya wahamiaji ilibadilika mara tatu, na mara zote tatu kilichotangulia ni kuhama kwa soko au bandari.

Hapa najua pingamizi la kwanza, nami nalichukulia kwa uzito kwa sababu linatoka kwa watu wa ziwa wenyewe. Wanasema: hakuna mabadiliko unayoyaeleza, ziwa ni moja na watu wake ni wamoja. Mbwari ana shangazi Rumonge na mjomba Baraka, Mgoma ana ndugu Kigoma na Ubwari, na mitumbwi imekuwa ikivuka tangu enzi na enzi bila kuuliza serikali. Ni kweli, na ni ukweli ambao wanahistoria wa milimani waliusahau kwa muda mrefu. Lakini kisichobadilika hakiwezi kueleza kinachobadilika. Undugu wa ng'ambo na ng'ambo hauelezi kwa nini Mgiriki alikuja, wala kwa nini maduka ya Wahindi yalifunguliwa, wala kwa nini katika miaka fulani mitumbwi ilijaa kuja na katika miaka mingine ilijaa kwenda. Undugu ni daraja, na daraja huvukwa pande zote mbili. Lazima tuulize ni nini kilichowasukuma watu wavuke wakati ule, kuelekea upande ule.

Mwaka 1972 daraja hilo lilivukwa kwa kukimbia. Kabla yake Burundi ilikuwa nchi ya kupokea: baada ya mwaka 1959 ilipokea makumi ya maelfu ya Watutsi kutoka Rwanda, wengi wao wakapewa kambi upande wa mashariki, mbali na ziwa, na wakati wa uasi wa Simba nchini Kongo wa 1964 na 1965 ilipokea watu wa Uvira na Fizi, hawa wakiwa jirani kabisa na mwambao. Usiku wa tarehe 29 Aprili 1972 waasi Wahutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine, wakaua Watutsi wengi. Jeshi na serikali wakajibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima yaliyodumu miezi, ambayo makadirio yake ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Mwambao ulitoka watu. Waliteremka na maji hadi Kigoma, wakavuka hadi Kongo, wakapita nchi kavu kusini na mashariki. Tanzania iliwapa makazi Ulyankulu mwaka huohuo, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, katika misitu ambayo waliigeuza mashamba. Kwa hiyo ndani ya kizazi kimoja bandari iliyokuwa ikipokea ikawa bandari ya kuondokea, na njia iliyotumika ilikuwa ileile ya Ujiji na Kigoma, sasa kwa upande wa pili.

Wapo watakaosema kwamba hapa ndipo hoja yangu inapokwisha: ni vita, basi, na vita havihitaji nadharia ya bandari na soko. Watu hukimbia risasi. Nakubali kwamba vita hueleza saa ya kuondoka. Mwelekeo havielezi. Wakimbizi wa 1972 waligawanyika kati ya Rwanda, Zaire na Tanzania, na sehemu kubwa kabisa ilikwenda Tanzania, wala si kwa sababu ilikuwa karibu kwa kila mmoja. Kwa mtu wa mwambao, Kigoma ilikuwa mahali ambapo mjomba wake alikuwa amekwenda kuuza mawese, ambapo babu yake alikuwa amepitia kwenda kufanya kazi ya manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika katika zama za Wabelgiji. Wakati wa amani njia ilikuwa imeshachimbwa, vita viliikuta. Na vita havielezi kabisa jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: kilichotokea kwenye mashamba yaliyoachwa.

Mashamba hayo hayakubaki tupu. Mengine yaliingizwa katika mashamba ya michikichi ya miradi ya serikali, mengine waligawiwa watu kutoka nyanda za juu, hasa za Bururi, mkoa ambao Rumonge ilikuwa sehemu yake wakati huo, na mengine yalichukuliwa na jirani aliyebaki. Wengi wa waliokuja walipewa kihalali, kwa karatasi ya ofisa wa serikali, na hawakuwa na hatia ya damu ya mtu. Walijenga, wakazaa, wakazika. Kisha sheria ikawaunga mkono: sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimpa aliyekalia ardhi miaka 30 bila kupingwa haki ya kuwa mmiliki, na muda mfupi zaidi kwa aliyeishika kwa nia njema. Hesabu ni rahisi na inauma. Tangu 1972 miaka 30 ilitimia mwaka 2002. Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000 uliahidi kwamba mkimbizi atarudishiwa mali yake au atalipwa, lakini wakimbizi wa 1972 walianza kurudi kwa mpango mwaka 2008. Sensa ya makazi ya zamani nchini Tanzania ilikuwa imehesabu watu kama 218,000. Takriban wanne kati ya kila watano waliomba uraia wa Tanzania, na zaidi ya 160,000 wakakubaliwa. Waliochagua kurudi walikuwa zaidi kidogo ya 50,000, na sehemu yao kubwa waliukuta mwambao wa Rumonge na Nyanza-Lac una wenyewe.

Jiwekeni mbele ya mchikichi mmoja. Mti huu huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne baada ya kupandwa, na huendelea kuzaa miaka 25 na zaidi. Mti uliopandwa mwaka 1970 na mtu aliyekimbia ulimlisha mtu mwingine hadi karibu mwisho wa karne. Ulipozeeka aliyekaa aliukata, akapanda mwingine palepale, na huo wa pili ndio uliokuwa ukizaa wakati mrithi wa aliyekimbia aliporudi. Shimo ni la nani, na mti ni wa nani? Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, kwa miaka ya mwanzo ilipenda kugawa nusu kwa nusu, aliyerudi upande huu na aliyemkuta upande ule. Kuanzia mwaka 2011, chini ya uongozi wa Sérapion Bambonanire, ilielekea kumrudishia aliyekimbia shamba lote. Kila msimamo ulikuwa na haki yake, na kila mmoja ulimtoa mtu machozi. Nusu ya shamba ambalo zima lilikuwa dogo haitoshi kulisha nyumba hata moja. Na kumwondoa mtu wa pili bila mahali pa kumpeleka ni kumfanya mkimbizi mpya ndani ya nchi yake. Watu wa mwambao walikuwa na majina ya pande hizi mbili, abasangwa na abahungutse, waliokutwa na waliorudi, na majina hayo kwa miaka kadhaa yalikuwa makali kuliko jina la kabila lolote.

Methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu ilitungwa na watu waliokuwa na shamba la ziada. Mwaka 1930, Imbo ikiwa bado na vichaka vilivyoachwa na malale, Mbwari au mtu wa milimani aliyeomba mahali pa kulima alipewa, na baada ya kizazi kimoja hakuna aliyemkumbuka kama mgeni. Mwaka 2008 mtoto wa Rumonge aliyezaliwa Mishamo, mwenye babu aliyezikwa Rumonge, alikosa jembe na shamba, akabaki kuitwa Mtanzania kwa sababu ya Kiswahili chake na namna ya kuvaa. Kama asili ndiyo inayomfanya mtu kuwa mgeni, mambo haya yangekuwa kinyume. Ndiyo maana nasema jedwali la nchi za asili, hata likiwa sahihi kwa tarakimu, halitupi habari tunayoihitaji zaidi. Linaandika mtu alikozaliwa. Halisemi alikuta ardhi kiasi gani.

Waomani wa Burundi ni kipimo kizuri cha hoja hii kwa upande mwingine. Familia zao zilikuwa madukani Rumonge, Gitega na Bujumbura kwa vizazi kadhaa. Baada ya Sultani Qaboos kushika Oman mwaka 1970 na nchi hiyo kuwaita watu wake waliotawanyika, wengi wa Afrika Mashariki walirudi, wakiwamo waliozaliwa Burundi. Hivyo nchi iliyokuwa asili ya wahamiaji ikageuka kuwa mwisho wa safari. Lakini wako waliobaki. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi limekuwa likihesabu Burundi watu takriban 1,000 wenye asili ya Oman walio katika hatari ya kutokuwa na uraia wowote, waliokaa nchini miongo kadhaa wakisubiri Oman ithibitishe kwamba ni wake. Wengi wao walipewa nafasi ya uraia wa Burundi wakaikataa. Watu hawa hawakugombana na mtu kwa sababu ya shamba. Riziki yao ilikuwa duka, na duka halihitaji kaburi la babu. Waliweza kukaa karne bila kulazimika kujibu swali la wao ni wa wapi, na hakuna jirani aliyewalazimisha. Mkulima hana anasa hiyo. Hajamaliza msimu wa kwanza kabla hajaulizwa mipaka ya shamba lake, na mbele ya jirani, mbele ya mkuu wa kilima, lazima ataje aliyempa.

Pingamizi la mwisho ni zito kuliko yote. Wapo wanaoona kwamba katika nchi iliyomwaga damu namna hii, kuchambua nani alitoka wapi ni kuchokonoa kidonda, na kwamba kwa Rumonge hasa, ambako tangu mwaka 1972 wavuvi wenye asili ya Kongo walinyooshewa kidole kwamba walishirikiana na waasi, mazungumzo haya yanaweza kumpa mtu mbaya orodha. Siwezi kulipuuza. Lakini tazameni lililotokea wakati wa ukimya. Ukimya haukumzuia mtu yeyote kusema kwamba fulani ni wa Kongo. Ulizuia tu kusemwa kwamba babu wa fulani alikuwa mwambaoni kabla ya mpaka. Ukimya uliiacha historia mikononi mwa wenye kinyongo. Anayejua kwamba Imbo iliondolewa watu kwa amri ya Wajerumani, ikajazwa kwa mpango wa Wabelgiji, ikaondolewa tena kwa bunduki mwaka 1972 na ikajazwa tena kwa karatasi za serikali, hawezi kudai kwa urahisi kwamba ukoo wake peke yake ndio mwenyeji. Karibu kila ukoo wa mwambao ulifika pale kwa kuhama, na mara nyingi kwa kuhamishwa. Elimu hiyo haimpi mtu orodha. Inamnyang'anya aliyenayo uhakika wake.

Sasa njia zimefunguliwa tena, safari hii kwa mikataba. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022, kwa hiyo karibu mwambao wote wa ziwa umo ndani ya jumuiya moja, isipokuwa kipande cha Zambia. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu mwaka 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kwenda, kufanya kazi na kuishi katika nchi nyingine. Lakini itifaki hiyohiyo, inapofika kwenye ardhi, inasema upatikanaji wake utafuata sera na sheria za kila nchi. Waliotunga walijua wanachokifanya: walifungua maji wakafunga shamba. Swali la ardhi limeachiwa kila nchi na tarafa zake. Mwaka 2025, waasi wa M23 walipoteka Goma na Bukavu, Wakongomani zaidi ya 60,000 waliingia Burundi ndani ya miezi michache, wengi kwa Mto Ruzizi, na serikali ikawapeleka mbali, hadi Musenyi katika Rutana, upande wa pili wa nchi. Ziko sababu za usalama za kuwatoa mpakani, na hakuna anayezikataa. Lakini tuliangalie pia jambo la pili: mwambaoni, ambako wengi wao wangekuwa na ndugu na lugha na kazi ya maji, hapakuwa na kipande cha kuwaweka. Na kwa jinsi maji ya ziwa yalivyopanda katika miaka ya karibuni, yakazamisha nyumba na mashamba kando yake, ukanda huo unazidi kuwa mwembamba.

Kwa hiyo kazi ya kufanya sasa haiko kwenye mpaka. Iko kwenye ofisi za ardhi za tarafa, zile zilizoanzishwa na sheria ya ardhi ya mwaka 2011 ili kutoa hati kwa mkulima mdogo baada ya majirani kushuhudia mipaka. Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015 na sasa imemezwa na mkoa mpana wa Burunga. Mafaili yamehamishwa pamoja na maofisa, na katika mafaili hayo kuna maamuzi ya CNTB, karatasi za miradi ya michikichi, na barua za ugawaji za baada ya 1972. Yakipotea, kila kesi itaanza upya kwa kumbukumbu za mdomo, na waliokumbuka wanakufa. Yakitunzwa na kusomwa pamoja, mjane aliyezaliwa Ulyankulu, mtoto wa aliyeshushwa kutoka Bururi na mjukuu wa mvuvi wa Ubwari wanaweza kuandikwa kila mmoja kwa kipande chake, kidogo kama kilivyo, pamoja na tarehe aliyokipata na jina la aliyempa.